Jenga Nyumba ya Vyumba Sita Juu ya Meza

Nyumba hii haitaki kiwanja. Haina dalali, haina mjumbe wa kushuhudia mauziano, wala fundi anayechukua malipo ya awali kisha simu yake ikawa haipatikani mpaka masika yaishe. Saruji ikipanda bei, haikugusi. Unachohitaji ni plaiwudi ya milimita 3, saa kadhaa za mashine ya leza, chupa ya gundi nyeupe ya mbao, msasa, na kichwa kilichotulia. Ukimaliza utakuwa mwenye nyumba, na hakuna mpangaji atakayekugongea alfajiri kukwambia choo kimeziba.

Nazungumzia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ile ya Kariakoo, Ilala na Magomeni, ambayo ndugu zake utawakuta hadi Tabora na Ujiji. Korido katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, ua nyuma, paa linaloteremka pande zote nne. Nimeichagua kwa makusudi. Nyumba nyingi za wanasesere zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya boksi zina bomba la moshi, ngazi ya kwenda ghorofani na chumba cha kulala chini ya paa. Ni nyumba nzuri, na waliozibuni waliweka humo maisha waliyoyajua. Na sisi tuweke yetu. Mtoto wa Magomeni anastahili kufungua boksi akakuta jiko liko uani, mahali pake.

Tena hili si jambo la watoto peke yao. Albrecht V, mtawala wa Bavaria, alitengenezewa nyumba ya wanasesere mwaka 1557 na 1558, nayo ilikuwa ya kuonyesha mali, wala si ya kuchezea. Petronella Oortman wa Amsterdam alianza kuipamba ya kwake mwaka 1686, na leo imo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Anayetaka kujua jikoni mwa tajiri wa Amsterdam wa wakati ule palikuwaje huchungulia mle: sahani zipo, vikapu vipo, kabati la nguo limejaa shuka zilizokunjwa. Huku kwetu nyumba za vyumba sita zinavunjwa moja moja kupisha maghorofa, na nyingi ramani yake imebaki kichwani mwa waliolelewa humo. Kwa hiyo kifurushi chako cha vipande vya nyumba kikichorwa vizuri, kitahifadhi kumbukumbu kwa vipimo. Ndiyo sababu nakuomba usifanye haraka.

Usiiwashe mashine bado

Anza kwa kupiga hodi. Tafuta nyumba halisi ambayo bado imesimama, ukaipime. Fahamu tu kwamba mtu mwenye futi kamba mtaani Kariakoo ni dalali mpaka athibitishe vingine, kwa hiyo itoe futi kamba mfukoni baada ya salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wanataka kuiuza nyumba?"

"Hapana, bibi. Nataka kuitengeneza ndogo, ya watoto kuchezea."

Atacheka, atakuletea kigoda, kisha atakuonyesha yale ambayo futi kamba haiwezi kuyapima. Maji ya mvua yanakingwa wapi. Chumba kipi kinapata upepo wa jioni. Nani alipanga chumba cha mbele mpaka akaoa. Kamba ya kuanikia nguo inafungwa kwenye mti gani. Hayo yote yaandike, kwa sababu ukifika kwenye kuchora ndiyo yatakayoamua nyumba yako iwe na watu au iwe ganda tupu. Ukiaga, acha ahadi ya kurudi na nyumba mkononi, na ahadi hiyo itimize.

Pima kila chumba, unene wa ukuta, kimo cha mlango, upana wa dirisha, urefu wa baraza. Usiseme vyumba vyote vinalingana. Mara nyingi havilingani. Hapa nitatumia nyumba ya mfano ili tuelewane: vyumba vya mita 3 kwa 3, korido ya mita 1.5, kuta za tofali la inchi 6, yaani sentimita 15. Ukijumlisha pamoja na kuta, upana unakuwa mita 8.1 na kina mita 9.6, kabla ya ua.

Skeli

Watengenezaji wengi wa nyumba za wanasesere hutumia 1:12. Nyumba ya Malkia Mary iliyoko Windsor, aliyoibuni Edwin Lutyens na ikakamilika mwaka 1924 ikiwa na umeme na maji ya bomba, ni ya skeli hiyo. Lakini ile ni kasri, na ina kasri lingine la kuiweka. Nyumba yetu kwa 1:12 itakuwa na kina cha sentimita 80 bila ua, na katika nyumba ya kupanga hakuna meza itakayobaki ya kulia chakula.

Kwa 1:48 inatosha juu ya kabati, ila chumba cha mita 3 kinakuwa milimita 62 na nusu. Vidole viwili vinaingia, mkono hauingii. Nyumba ambayo mtoto hawezi kuingiza mkono akapanga kitanda itaishia kuwa pambo la kufutwa vumbi.

Kata shauri la 1:24. Chumba kinakuwa milimita 125, ukuta wa mita 2.7 unakuwa 112, nyumba nzima ni kama milimita 338 kwa 400. Na hapa kuna zawadi: ukuta wa sentimita 15 kwa skeli hii ni milimita 6 na robo. Hiyo ni plaiwudi mbili za milimita 3 zikibandikwa pamoja. Kana kwamba tofali la inchi 6 na plaiwudi walikutana zamani wakakubaliana.

Tumia neema hiyo. Kipande cha ndani cha ukuta kibebe maungio yote, ndimi na matundu. Kipande cha nje kiyafunike. Pembe ya nyumba yenye meno yanayoonekana, moja huku moja kule, inamwambia mtazamaji kwamba hili ni boksi. Pembe iliyofunikwa inamwambia kwamba hii ni nyumba. Na dirisha likikatwa kubwa kidogo upande wa nje kuliko ndani, unapata ukingo wa kukalia fremu bila kupima tena.

Leza hula

Kila seremala anajua msumeno hula mbao. Leza nayo hula, ila inakula kidogo mno kiasi kwamba wanaoanza huamini haili kabisa. Mwale wake unaacha upana wa kama milimita 0.1 hadi 0.3, kutegemea mashine, lenzi, mbao na jinsi ulivyolenga kina chake. Nyumba nyingi zinazopwaya zimepwaya hapa, kwa hiyo tukae.

Chukua mashine inayokula 0.2. Ukichora ulimi wa milimita 20, mwale utapita juu ya mstari na kula 0.1 kila upande. Ulimi unatoka 19.8. Tundu ulilolichora 20 linatoka 20.2. Sasa pana nafasi ya 0.4 kati yao, na hiyo kwa maungio ya mbao nyembamba ni mlango wazi. Dawa yake ni kuuchora ulimi 20.2 na tundu 19.8. Programu nyingi za kuchorea zinaweza kusogeza mistari kwa kiasi hicho. Inkscape, ambayo ni ya bure, inafanya hivyo vizuri tu.

Halafu kuna unene. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 3 inaweza kuwa 2.7, na nyingine kutoka duka lilelile ikawa 3.2. Jina ni la dukani. Kipimo ni cha kalipa. Pima kila ubao pembe zote nne na katikati. Ukichora tundu la upana wa 3 kwa ajili ya ubao wa 2.7, tundu litatoka 3.2 na ubao utacheza nusu milimita humo. Kwa ubao huo chora 2.5.

Na usiamini hesabu peke yake, hata hii yangu. Kata kwanza kipande kidogo cha majaribio chenye matundu manane: 2.3, 2.4, 2.5, hivyo hivyo mpaka 3.0, kila moja na namba yake pembeni. Chomeka ubao. Tundu unalotaka ni lile ambalo ubao unaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, unasimama wenyewe ukigeuzwa chini juu, na unatoka bila kupasuka. Liandike namba yake kwenye ukuta wa karakana, pamoja na jina la mashine na la duka. Ubao mwingine ukifika, rudia. Kazi hii ni ya dakika kumi, nayo inaokoa ubao mzima.

Chagua plaiwudi nyepesi, iliyobandikwa kwa gundi ya kawaida ya ndani ya nyumba. Ile ya kumiminia zege, yenye uso mweusi, usiiguse: gundi yake ya fenoli inakaidi mwale, inaungua mkaa badala ya kukatika. Na kitu chochote chenye PVC, iwe plastiki au ngozi bandia, kisiingie mashineni kamwe, kwa kuwa moshi wake una klorini, unadhuru mapafu na kuila mashine yenyewe kwa kutu.

Ukiwa Pwani, hifadhi plaiwudi ikiwa imelala, na uzito juu yake. Unyevu unaipinda, na ubao uliopinda unasogea mbali na lenzi katikati, basi katikati haukatiki. Watu hulaumu mashine.

Sasa washa

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960. Ile inayotufaa sisi, ya gesi ya kaboni dayoksaidi, aliitengeneza Kumar Patel miaka minne baadaye. Mwale wake hauonekani kwa macho, na mbao zinaunywa wote; ndiyo maana unakata, na ndiyo maana kifuniko kinakaa kimefungwa. Bomba lake la kioo hupozwa kwa maji, na joto letu si rafiki yake. Watengenezaji hushauri maji yasipite nyuzijoto 25 hivi, kwa hiyo kata asubuhi, au uwe na mashine yenye kipoza maji.

Mistari ipange kwa rangi: rangi moja ya kuchoma namba na nakshi, ya pili ya kukata matundu ya ndani, ya tatu ya kukata nje. Mashine ifuate mpangilio huo. Ukianza na nje, kipande kinaachia, kinazama kidogo au kinageuka, kisha dirisha linakatwa mahali pasipo pake. Hakikisha pia hakuna mistari miwili iliyolaliana. Mashine itaipita yote miwili na ukingo utakuwa mweusi tii. Bandika mkanda wa karatasi juu ya ubao kabla ya kukata ili moshi usichafue uso, baadaye ubandue.

Kisha simama hapo. Usiende kununua vitumbua, usiende kupokea simu nje. Mashine hii ni moto uliofungiwa ndani ya sanduku pamoja na mbao kavu. Kizimamoto kiwe mkono wa kulia, na feni ya kutoa moshi iwe inafanya kazi.

Paa

Nyumba ya wanasesere ya ghorofa hufunguliwa mbele, kama kabati, kwa sababu maisha yake yamepangwa moja juu ya jingine. Yetu maisha yake yamelala chini, kutoka barazani mpaka uani, kwa hiyo ifunguliwe juu. Paa linyanyuke zima. Hilo linataka paa liwe jepesi, gumu, na likae mahali pake bila gundi.

Makosa ya paa ni ya kijiometri. Mtu huchora vipande vya paa kwa kufuata ramani ya chini, akisahau kwamba mteremko ni mrefu kuliko kivuli chake. Tuchukue upenu wa sentimita 75, unaotosha kulifunika baraza. Kutoka katikati ya nyumba mpaka ncha ya upenu ni milimita 200. Kimo cha paa kiwe 100. Mteremko basi ni kipeo cha pili cha 200 kujumlisha kipeo cha pili cha 100, kisha kipeuo chake: karibu 224. Vipande viwili vya ubavuni vinakuwa na ukingo wa chini wa 462, ukingo wa juu wa 62, na kimo cha 224. Vya mbele na nyuma ni pembetatu zenye kitako cha 400 na kimo kilekile. Chini yake weka kenchi nne za plaiwudi zenye ulimi unaoingia ndani ya kuta za korido. Hizo ndizo zinazolishika paa lisiteleze.

Bati lenye mawimbi huwa na kama milimita 76 kutoka wimbi hadi wimbi. Kwa skeli yetu ni 3.2. Choma mistari ya kina kifupi kila baada ya milimita 3.2 kutoka kileleni kwenda upenuni, kamwe isiwe kwa upande, kwa sababu maji hayatiririki kwa upande. Rangi ya kutu ipake kwa sponji karibu na upenu na kwenye maungio ya bati, si kila mahali. Bati jipya kabisa juu ya nyumba ya zamani lipo, na likiwepo mtaa mzima unajua nani katuma hela.

Mambo madogo, ambayo ndiyo makubwa

Hapa acha skeli ikusaidie, lakini isikutawale. Nondo ya dirisha ya milimita 12 kwa 1:24 inakuwa nusu milimita, na mbao ya nusu milimita mwale unaipuliza kama majivu. Fanya nondo ziwe milimita 1, au tumia waya mwembamba. Jicho linasamehe nondo nene. Haliwezi kusamehe dirisha lisilo na nondo.

Mlango wa mbele uwe wa mabawa mawili. Ukitaka nakshi, usichome picha ya nakshi juu ya ubao. Kata tabaka tatu za ubao wa milimita 1 au moja na nusu na uzibandike, ya juu ikiwa imetobolewa zaidi, ili kivuli kiingie katikati ya maua. Mfaa, ule mhimili wa katikati unaoyabana mabawa mawili, ukae juu ya tabaka zote. Mlango wa mita 2 ni milimita 83 tu, lakini ukiangaziwa taa ya pembeni unajaza chumba.

Mbele, baraza, kimo chake milimita 19 hivi. Weka bao juu yake. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, thelathini na mawili kwa jumla, na leza inayachoma yote kwa chini ya dakika moja. Ila mashimo mawili ya katikati, moja la kila mchezaji, ni ya mraba: ndiyo nyumba. Ukiyaacha ya duara, mzee wa kwanza atakayeinama kutazama ataliona hilo kabla hajauona mlango wako wa nakshi.

Uani ndiko ninakotaka ukeshe. Wabunifu wengi hubandika ukuta mtupu nyuma wakahesabu kazi imekwisha, na hapo nyumba inakufa, kwa maana wapangaji wa vyumba sita wanakutana uani. Ndiko wanakopikia, wanakofulia, wanakosukana nywele, wanakogombana na kupatanishwa. Mbuzi ya nazi ni vipande viwili bapa vinavyopishana, kazi rahisi mno kwa leza. Urefu wake usizidi milimita 19. Kinu ni visahani vya duara vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine, cha juu kikiwa na tundu, kisha msasa. Majiko ya mkaa yawe zaidi ya moja. Hiyo ni nyumba ya wapangaji, na kila mtu ana lake. Choo na bafu viwe pembeni, na mlango wa choo ufunguke kwa ndani au kwa nje kama ulivyouona kule kwa bibi. Ndoo iwepo. Ukuta wa ua ufanye mfupi kidogo kuliko kipimo, ili mkono upite juu yake.

Kwenye kupaka rangi sitakaa sana. Chokaa nyeupe kwa kuta, mkanda wa rangi nyeusi au kijivu chini ambako matope ya mvua hurukia, na mlango rangi ya mwenye nyumba.

Boksi

Sasa ndipo kifurushi kinapotofautiana na nyumba uliyojijengea mwenyewe: mtu usiyemjua ataijenga bila wewe kuwepo. Vipande viache vimeshikwa na ubao kwa vidaraja vya nusu milimita, ili visimwagike njiani na mtoto avibonyeze kwa kidole. Namba zichome upande utakaofichwa na gundi. Kuta za kushoto na kulia zipe ndimi za upana tofauti, ili mtu asiweze kuzibadilisha hata akitaka.

Maelekezo yaandike kwa Kiswahili, na picha kwa kila hatua, mkono ukionekana pichani kuonyesha ukubwa. Hatua isizidi vipande vitano. Pale gundi inapohitaji kukauka andika muda wake, na uandike pia kitu cha kufanya wakati wa kusubiri, kwa mfano kubandika kinu, kwa kuwa hakuna mtoto anayesubiri gundi mikono mitupu.

Kisha mpe boksi mtu ambaye hajawahi kuiona nyumba hii. Kaa kando yake. Usiseme neno. Popote atakapoinua kipande na kukigeuza mara mbili, weka alama kwenye karatasi yako. Hapo mchoro wako haujasema vya kutosha. Rekebisha, kata tena, mpe mwingine. Akishaijenga mtu kuanzia baraza hadi choo bila kuinua macho kukuuliza, anza kukata za kuuza.

Ndani ya kila boksi ongeza ubao mmoja mdogo wa akiba: nondo za dirisha, bawa moja la mlango, michi miwili, na bao lingine. Bao la kwanza halitamaliza wiki, litakuwa limebebwa barazani kwa jirani kuonyeshwa.